Wimbo unavuka Tunduma bila karatasi

Mfuko wa saruji hauvuki Tunduma bila karatasi. Wakala wa forodha anaingiza taarifa zake kwenye mfumo, maofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wanakagua, wenzao wa Mamlaka ya Mapato ya Zambia nao wanataka kuona kilichoandikwa, na dereva anasubiri zamu yake. Tangu Oktoba 5, 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha huduma za pamoja mpakani hapo, kazi hiyo inafanyika chini ya paa moja, lakini kanuni ni ile ile: mzigo lazima ujulikane ni wa nani, umetoka wapi, una thamani gani na nani kalipa nini.

Wimbo haupitii huko. Wimbo unavuka ndani ya flashi iliyochomekwa kwenye redio ya lori hilo hilo lililobeba saruji. Unafika Nakonde ng'ambo ya mpaka, unafika Ndola, unafika Lubumbashi. Unapigwa baa, unapigwa ndani ya basi, unachezwa harusini, na mtu aliyeutunga akiwa amekaa zake Sogea au Mwaka, mitaa ya Tunduma mjini, hapati hata nauli ya bodaboda.

Wimbo ni wa nani, nani ana ruhusa ya kuutumia, na kwa masharti gani? Maswali hayo ndiyo yanayokula muda mwingi wa mwanafunzi anayesomea shahada ya uzamili ya biashara ya burudani. Wengi hudhani huko watu wanafundwa kuwa mastaa au wanapewa mbinu za kutengeneza kiki. Sivyo. Katika Full Sail University iliyoko Winter Park, jimbo la Florida nchini Marekani, au katika kampasi ya chuo cha muziki cha Berklee iliyofunguliwa mwaka 2012 mjini Valencia, Hispania, mwanafunzi wa shahada hiyo anashinda na mikataba, sheria za hakimiliki, hesabu za mapato na matumizi, majadiliano, usambazaji na masoko. Anaandika mpango wa biashara ambao unaweza kupelekwa benki. Anaweza kuhitimu bila kujua kupiga gitaa hata kidogo.

Naamini elimu hiyo inahitajika Songwe kuliko inavyohitajika Florida. Msanii wa Florida akiletewa mkataba, anampigia simu wakili. Kijana wa Tunduma akiletewa mkataba, anauliza peni iko wapi.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Mji wake mkubwa, hata hivyo, ni Tunduma. Sensa ya 2012 ilihesabu hapo watu wasiofika laki moja. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya laki mbili. Reli ya TAZARA inapita, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inaishia hapo, shilingi na kwacha zinabadilishwa barabarani, na foleni ya malori siku mbaya hunyooka kilomita kadhaa kurudi Mpemba. Maana yake kuna madereva na utingo kutoka nchi tano, sita, wamekaa siku nzima na wakati mwingine siku mbili, wakiwa na fedha kidogo mfukoni na hawana cha kufanya. Mtu aliyesomea biashara ya burudani akishuka stendi ya Tunduma kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza atakachokiona ni hadhira.

Mali mbili ndani ya wimbo mmoja

Somo la kwanza ambalo humshtua karibu kila mwanafunzi ni kwamba wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ipo mali ya utunzi, yaani maneno na melodi. Na ipo mali ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, ambayo watu wa kazi hiyo wanaiita masta. Mali hizi zinaweza kuwa za mtu mmoja, na zinaweza kuwa za watu wanne tofauti wasioongea.

Tumchukue kijana wa Mlowo aliyeandika mashairi yake mwenyewe. Anakwenda studio, prodyuza anampigia biti, rafiki yake anamwimbia kiitikio, na mjomba mwenye duka la pembejeo analipia kazi nzima. Wimbo ukikubalika, kila mmoja kati ya hao wanne ataamka siku moja na kusema ni wake, na kila mmoja atakuwa na hoja. Prodyuza atasema bila biti hakuna wimbo. Mjomba atatoa risiti. Mwanafunzi wa biashara ya burudani anafundishwa kumaliza ugomvi huo kabla haujazaliwa: karatasi moja, siku ile ile ya kurekodi, inayoonyesha nani ametunga nini, kwa asilimia ngapi, na masta ni ya nani. Watu wakiwa bado wanapendana, karatasi hiyo inachukua nusu saa. Baada ya wimbo kupendwa, inachukua miaka mahakamani.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ni nzuri kuliko wasanii wengi wanavyodhani. Haki inaanza pale kazi inapobuniwa, haingoji mhuri. Inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mjukuu naye ana chake humo. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, hakuzai haki. Kunazaa ushahidi, na kwenye kesi ushahidi ndiyo kila kitu.

Mfano unaopendwa sana na walimu wa somo hili duniani unatoka Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda, kibarua Mzulu, alirekodi wimbo Mbube katika studio za Gallo mjini Johannesburg, na haki zake zikachukuliwa kwa shilingi 10. Wimbo huo ulizaa The Lion Sleeps Tonight, ukaimbwa na kila mtu, ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifungua kesi dhidi ya Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa.

Sisi tuna mfano wetu. Wasanii Ambwene Yesaya, ambaye wengi wanamfahamu kama AY, na Hamis Mwinjuma, yaani MwanaFA, waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Mjini watu walizungumzia ukubwa wa fedha. Mwanafunzi anatakiwa aone kitu kingine: wale wawili waliweza kuthibitisha nyimbo ni zao. Bila uthibitisho huo, wangebaki kulalamika redioni kama wengine. MwanaFA baadaye aliingia bungeni kuwakilisha Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri katika wizara yenye dhamana ya sanaa.

Mstari mmoja wa mkataba

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wa watu wanapoumia.

Lebo ikimchukua msanii, inatoa fedha: studio, video, mavazi, nyumba ya kupanga Dar es Salaam, matangazo. Msanii anaona amesaidiwa. Kwenye mkataba fedha hiyo imeandikwa kuwa ni gharama zitakazorejeshwa. Swali ambalo mwanafunzi anafundishwa kuliuliza kwanza ni: zitarejeshwa kutoka wapi?

Tufanye hesabu ya mfano. Lebo imetumia shilingi milioni 20. Mwaka wa kwanza kazi za msanii zimeingiza milioni 30. Mkataba unasema msanii atapata asilimia 30 na lebo asilimia 70. Kama umeandikwa kwamba gharama zitarejeshwa kutoka kwenye mgawo wa msanii, basi mgawo wake, milioni 9, wote unakwenda kulipa deni, na bado anadaiwa milioni 11. Lebo, kwa upande wake, imechukua milioni 21 za mgawo wake na zile 9 za msanii. Imepokea milioni 30, imetumia 20, imepata faida ya 10. Msanii hajagusa senti na bado ni mdaiwa.

Sasa badilisha mstari mmoja tu. Andika kwamba gharama zitatolewa kwanza kwenye mapato yote, kisha kinachobaki ndicho kigawanywe. Milioni 30 toa 20, zinabaki 10. Msanii anachukua milioni 3 taslimu, lebo milioni 7 juu ya fedha yake iliyorudi. Deni hakuna. Asilimia ni zile zile, fedha ni ile ile, na msanii yule yule ambaye mwaka uleule angeitwa mdaiwa sasa anaweza kupeleka fedha nyumbani Vwawa.

Ukishaiona hesabu hii, habari nyingi za magazetini zinasomeka upya. Msanii Harmonize alipoondoka lebo ya WCB mwaka 2019, yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili atoke kwenye mkataba. Mwaka 2022 Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya jirani yetu, naye aliondoka lebo hiyo akiwa na lebo yake ya Next Level Music. Mashabiki waligawanyika, wengine wakatukana, wengine wakalia. Darasani mjadala ungekuwa mwingine kabisa: mkataba ulikuwa wa miaka mingapi, masta zilibaki kwa nani, jina la kisanii ni mali ya nani, na kipengele cha kuondoka kiliandikwaje. Lebo nayo ina hoja yake. Imeweka fedha kwa watu kadhaa, wengi hawakurudisha, na mmoja aliyefanikiwa ndiye anayefidia. Mhitimu mzuri anajifunza kuuona mkataba kwa macho ya pande zote mbili, na ndiyo maana lebo zenyewe zinamtafuta.

Kiingilio, ukumbi na msimu wa kahawa

Somo la matamasha linaonekana jepesi mpaka ukae na kalamu. Chukua promota wa Tunduma anayetaka kuleta msanii mkubwa kutoka Dar es Salaam. Kwa makadirio ya mfano, msanii na kundi lake wanataka milioni 8, muziki wa kukodi na jukwaa milioni 2, nauli na malazi milioni 1.5, ukumbi milioni 1, matangazo ya redio na gari la kupita mitaani milioni 1, ulinzi na vibali laki 5. Jumla milioni 14. Kiingilio kikiwa shilingi 10,000, anahitaji watu 1,400 walipe ndipo arudishe fedha yake, kabla hajapata faida hata ya soda. Ukumbi wake unachukua watu 900.

Hiyo shoo imekufa kabla bango halijabandikwa. Na bado kila mwaka, katika miji ya mikoani, watu wanauza viwanja kwa sababu ya shoo za namna hii. Mwanafunzi anafundishwa kutengeneza jedwali hilo kwanza, na namba zikikataa, akubali kwamba zimekataa. Ana njia za kuzishawishi: mdhamini anayelipa kabla ya siku ya tukio, ukumbi wa wazi, vinywaji, msanii mmoja mkubwa badala ya watatu, au kumfuata msanii huyo huyo wakati tayari anapita Mbeya, ambako ni takriban kilomita 100 tu, ili gharama ya safari igawanywe na promota mwenzake.

Kuna hesabu nyingine ambayo Valencia hawataifundisha. Mbozi ni wilaya ya kahawa. Fedha ya mkulima inaingia kuanzia katikati ya mwaka, mavuno yanapoanza kuuzwa, na mji wa Mlowo unachangamka kwa namna ambayo huioni mwezi Februari, wakati watu wananunua mbolea na kulipa ada. Tamasha la Februari na tamasha la Agosti ni biashara mbili tofauti hata kama msanii ni mmoja. Tunduma yenyewe haifuati kahawa. Inafuata malori, mahindi na thamani ya kwacha. Kwacha ikianguka, wanunuzi wa Nakonde wanapungua mjini, na ukumbi unalijua hilo Jumamosi hiyo hiyo.

Kisha kuna serikali. Promota lazima amfahamu Ofisa Utamaduni wa halmashauri, kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), polisi na saa za kufunga. Na lazima aandike kwenye mkataba wake nini kitatokea msanii akifungiwa. Machi 2018, Juliana Shonza, mbunge wa viti maalumu kutoka huku Songwe ambaye wakati huo alikuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, alitangaza kumfungia msanii Roma Mkatoliki kwa miezi 6 kutokana na wimbo Kibamia. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu uamuzi ule. Promota aliyekwisha kulipa malipo ya awali kwa shoo ya msanii aliyefungiwa anahitaji kitu zaidi ya maoni. Anahitaji kipengele kinachosema fedha yake inarudi.

Nyimbo za kwaya ni za nani?

Tukizungumzia burudani, macho yanakimbilia Bongo Fleva. Lakini katika mkoa huu, soko la uhakika zaidi la muziki liko kanisani. Kwaya za Kimoravian, za Kilutheri, za Kikatoliki na za makanisa ya kipentekoste zinarekodi, zinapiga video kandokando ya mashamba ya kahawa na kwenye kimondo cha Mbozi, zinafanya uzinduzi na kuchangisha fedha. Uzinduzi mmoja wa albamu ya kwaya, wenye mgeni rasmi anayeahidi na mshehereshaji anayejua kazi yake, unaweza kukusanya fedha kuliko shoo tatu za ukumbini.

Halafu mwalimu wa kwaya anahama kanisa. Nyimbo alizotunga kwa miaka kumi ni zake, za kwaya, au za usharika uliolipia studio? Mara nyingi hakuna aliyeandika popote. Alikuwa anajitolea, hana ajira wala mkataba. Kwa sheria, utunzi unaanzia mikononi mwa mtunzi, na hauhami kwa sababu tu sadaka ndiyo iliyolipa studio. Kwa mioyo ya wanakwaya, zile nyimbo ni zao, wamezililia na wamezikesha. Ugomvi wa namna hii umevunja kwaya nzuri, na hauhitaji mahakama kuumaliza. Unahitaji ukurasa mmoja: mwalimu anabaki mtunzi, kwaya inamiliki rekodi, kanisa linaruhusiwa kuziimba daima bila malipo, na mapato ya mtandaoni yanagawanywa hivi na hivi. Kama ningepewa darasa moja tu la kufundisha mkoani Songwe, ningelipeleka kwa walimu wa kwaya.

Kibanda cha kurushia nyimbo

Ukitembea Tunduma kutoka stendi kuelekea mpakani, utaviona vibanda vyenye kompyuta moja, spika inayotazama barabara na kijana aliyekaa kwenye stuli. Mteja, mara nyingi dereva, anatoa flashi au memori kadi. Anataja anachotaka: rumba za zamani, Bongo Fleva mpya, nyimbo za Zambia za kina Yo Maps na Chile One, mahubiri, na filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Kijana anafungua mafaili yaliyopangwa vizuri kuliko maktaba nyingi, ananakili, anapokea fedha. Dakika chache tu. Nyimbo mia mbili zimeondoka kuelekea Kolwezi.

Mwanafunzi wa biashara ya burudani hatakiwi kumwangalia kijana huyo kama mwizi tu na kuishia hapo. Anatakiwa kumwangalia kama msambazaji. Anajua wateja wanataka nini wiki hii kuliko kituo chochote cha redio. Anajua wimbo upi wa Mbeya umeanza kuombwa na Wazambia. Kinachokosekana ni njia ya kumfanya alipie leseni ndogo na kupata nyimbo halali kwa urahisi kuliko zile za kuokota. Vita ya kukamata watu peke yake tumeipigana na hatukushinda. Enzi za kanda na CD, wasambazaji wa Kariakoo walinunua kazi za muziki na filamu mazima, mwenye kazi akikabidhi masta na haki zake kwa malipo ya mara moja. Wezi nao wakanakili usiku. Serikali ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD mwaka 2013, wateja walikuwa tayari wanahamia kwenye simu.

Sasa tuko kwenye Boomplay, Mdundo, YouTube, na Spotify iliyoingia Tanzania Februari 2021. Huku fedha inafuata taarifa. Kila rekodi inatakiwa iwe na namba yake ya utambulisho, ile ya ISRC, jina la mtunzi liandikwe kwa tahajia moja kila mahali, na mgawo uwekwe mapema. Msanii anayejiandika kwa namna tatu tofauti kwenye mitandao mitatu anakuwa watu watatu, na hakuna hata mmoja anayelipwa vizuri. Ni kazi ya ukarani, haina shangwe, na mameneja wengi wanaidharau. Darasani inachukua wiki kadhaa, na inastahili.

Mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi ya msanii, nayo ina somo lake. Januari 2022 COSOTA iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Lilikuwa jambo jema, nami nililifurahia. Lakini gawanya: wastani hauzidi laki tatu kwa mtu. Nchi yenye redio nyingi namna hii, mabasi mengi namna hii, hoteli na baa kila kona, ina uwezo wa kukusanya zaidi ya hapo. Basi linalotoka Dar es Salaam hadi Tunduma linaonyesha filamu na kupiga muziki safari nzima ya zaidi ya kilomita 900. Mmiliki wa basi hapandishi abiria bila leseni ya usafirishaji; leseni ya kupiga muziki huiona kama usumbufu. Hapo ndipo fedha ya msanii inapomwagika.

Na ng'ambo ya geti? Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa, Zambia pia. Kwa hiyo wimbo wa Tunduma una ulinzi Nakonde tangu siku ulipotungwa, kama vile wimbo wa Nakonde ulivyo na ulinzi Tunduma. Zambia wana chama chao cha kukusanya mirabaha ya muziki, ZAMCOPS. Vyama vya namna hii duniani huingia makubaliano ya kukusanyiana: wewe unanikusanyia kwako, mimi nakukusanyia kwangu, tunabadilishana hesabu. Mji ambao muziki wa nchi mbili unachanganyika kila siku ulipaswa kuwa mahali pa kwanza pa kuyafanyia kazi makubaliano hayo. Nasi tukumbuke kwamba redio na baa zetu zinapopiga nyimbo za Wazambia, wadaiwa ni sisi.

Darasa liwekwe wapi

Tanzania ina Idara ya Sanaa Bunifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Ina vyuo vya biashara vinavyotoa shahada za uzamili kwa mamia ya wahasibu na mameneja kila mwaka. Sanaa inafundishwa huku, biashara inafundishwa kule, na mtu anayezihitaji zote mbili anabaki katikati akijifunza kwa kuibiwa.

Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, jawabu haliko mbali. Chuo Kikuu Mzumbe kina kampasi Mbeya, na usimamizi wa biashara ndiyo fani yake. Hakihitaji kujenga studio wala ukumbi. Kinahitaji kukaa na TaSUBa na COSOTA, kuandika masomo manne au matano ya mikataba, hakimiliki, uendeshaji wa matamasha na usambazaji wa kidijitali, na kuyaweka ndani ya shahada ya uzamili iliyopo. Wahitimu wawili au watatu kwa mwaka watakaorudi Tunduma, Vwawa na Ileje kufungua ofisi ya kusomea wasanii mikataba watabadilisha mambo zaidi ya tamasha lolote.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma isisubiri hilo. Ina Ofisa Utamaduni, ina kumbi, na inawakopesha vijana kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Iite COSOTA ije siku mbili mjini, isajili kazi za wasanii, walimu wa kwaya na vikundi vya ngoma za Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, na iwatafute vijana wa vibanda vya nyimbo wakae meza moja na wenye nyimbo. Gharama yake haifiki ile ya shoo moja iliyokosa watu.

Na wewe uliyerekodi wimbo wiki hii, kabla hujautuma kwa mtu yeyote, chukua karatasi, andika nani ametunga, nani amepiga biti, masta ni ya nani na kila mmoja ana asilimia ngapi. Sainini wote, tieni tarehe, kila mtu abaki na nakala.